Mchunga Mbuzi Aliyependa Vitabu

Mzazi wa Chemba amwachaye mwanawe machungani siku za shule, na ayatafakari maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Yeye naye alichunga mbuzi kwao Butiama, wala hakuingia shule mpaka alipotimiza miaka 12, mwaka 1934, kule Musoma. Tangu hapo kitabu hakikumtoka mkononi.

Alipokuwa Makerere alisoma maandishi ya John Stuart Mill juu ya kudhulumiwa kwa wanawake, akaandika insha juu ya wanawake wa kabila lake. Mamaye, Mgaya, alikuwa mke wa tano wa Mtemi Burito. Basi aliyoyasoma yaligusa nyumba ya wazazi wake. Katika miaka hiyo, mwaka 1943, alibatizwa.

Alipenda falsafa na tamthilia. Kazi za urais zilikuwa nzito, lakini alipata wasaa wa kumfasiri Shakespeare: tafsiri ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hata uzeeni hakuiweka kalamu chini: mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume. Alifariki mwaka 1999.

Twaona, basi, kwamba hakusoma ili ajikweze juu ya jirani. Alichokipata aliwagawia wasiojua lugha za kigeni. Nasi hatuna budi kumtoa mtoto machungani na kumpa kitabu. Mbuzi watapata mchungaji mwingine, utoto haurudi.