Abebe Bikila

Abebe Bikila (7 Agosti 1932 – 25 Oktoba 1973) alikuwa mwanajeshi na mwanariadha wa Ethiopia. Alishinda marathoni ya Michezo ya Olimpiki mara mbili mfululizo: mjini Roma mwaka 1960, alipokimbia peku, na mjini Tokyo mwaka 1964. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, na Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi ya Kiafrika medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Ushindi wake wa Roma ulikuwa na uzito uliozidi michezo. Askari wa nchi iliyovamiwa na Italia alishinda katika mji mkuu wa Italia, miaka 19 tu baada ya uvamizi huo kukomeshwa. Mbio zake za mwisho za Olimpiki, katika Jiji la Mexico mwaka 1968, ndizo zilizomfanya John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, ajulikane duniani.

Maisha ya awali

Bikila alizaliwa katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa, katika familia ya Waoromo. Siku aliyozaliwa ndiyo siku ilipokimbiwa marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu majeshi ya Italia yalipoivamia Ethiopia, mwezi Oktoba 1935. Wavamizi walitumia ndege na gesi ya sumu, wakauteka mji wa Addis Ababa mwezi Mei 1936. Familia ya Bikila ililazimika kuhama kijiji na kukimbilia mahali pa mbali zaidi, kisha ikarudi Jato baada ya vita. Kaisari Haile Selassie alirejea Addis Ababa mwezi Mei 1941.

Akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bikila alihamia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Kaisari. Huko alikutana na Onni Niskanen, kocha kutoka Sweden aliyeajiriwa na serikali ya Ethiopia kufundisha michezo. Mji wa Addis Ababa uko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na anayefanya mazoezi hapo hupata pumzi ya kutosha anaposhuka kukimbia mahali pa chini. Niskanen aliwapa askari wake mazoezi ya mpango: kukimbia masafa marefu, kubadilisha kasi, na kupanda milima.

Mwezi Machi 1960 Bikila alimwoa Yewebdar Wolde-Giorgis. Walipata watoto wanne.

Roma 1960

Ethiopia ilipeleka wakimbiaji wawili wa marathoni Roma, Bikila na Abebe Wakgira. Nje ya nchi yao karibu hakuna aliyewafahamu.

Mara nyingi husimuliwa kwamba Bikila alikimbia peku kwa sababu hakuwa na viatu. Sivyo ilivyokuwa. Viatu vilipatikana, lakini havikumkaa vizuri miguuni. Kwa kuwa alizoea kufanya mazoezi kwa viatu na bila viatu, yeye na kocha wake waliona ni heri akimbie peku kuliko kuchubuliwa njiani.

Marathoni ilikimbiwa tarehe 10 Septemba 1960. Tofauti na desturi, haikuanzia wala kumalizikia uwanjani. Waandaaji walitaka kuonyesha mji wa kale, kwa hiyo wakimbiaji waliondoka jioni kwenye kilima cha Kapitolio, wakapita karibu na mabafu ya Karakala, wakatoka nje ya mji, kisha wakarudi kwa Njia ya Apio, barabara iliyojengwa na Warumi kabla ya Kristo. Giza lilipoingia, askari walisimama kandokando ya barabara wakiwa wameshika mienge ili kuwamulikia. Mwisho wa mbio ulikuwa kwenye Tao la Konstantino.

Niskanen alikuwa amemwonya Bikila amwangalie Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, aliyetarajiwa kuvaa namba 26. Siku hiyo Rhadi alivaa namba 185. Bikila alimtafuta mbele yake mtu mwenye namba 26 asimwone, kumbe aliyekuwa akikimbia naye bega kwa bega ndiye Rhadi mwenyewe. Wawili hao waliwaacha wengine wote na kwenda pamoja karibu hadi mwisho.

Kabla ya kufika kwenye tao, njia ilipita kando ya Mnara wa Aksum. Mnara huo ni nguzo ya jiwe yenye urefu wa mita 24 hivi, iliyochongwa na Waethiopia wa kale. Waitalia waliuchukua kutoka Aksum na kuusimamisha Roma mwaka 1937 kama nyara ya vita. Ni hapo Bikila alipoongeza kasi na kumwacha Rhadi.

Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.2. Huo ulikuwa muda bora kuliko wote uliowahi kukimbiwa duniani, ukipita kwa chini ya sekunde moja ule wa Sergei Popov wa Umoja wa Kisovyeti. Rhadi alifika sekunde 25 baadaye, na Barry Magee wa New Zealand akawa wa tatu. Abebe Wakgira alikuwa wa saba. Waafrika wawili waliowakilisha nchi zao wenyewe walishika nafasi mbili za kwanza katika marathoni ya Olimpiki. Mwaka huohuo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru.

Kati ya Roma na Tokyo

Bikila alipokelewa Addis Ababa kwa shangwe, akapandishwa cheo na kutunukiwa nishani na Kaisari. Miezi mitatu baadaye, Desemba 1960, viongozi wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kumpindua Kaisari. Jaribio hilo lilishindwa baada ya mapigano mjini. Bikila hakushiriki, lakini kwa kuwa alikuwa askari wa kikosi hicho alikamatwa na kuhojiwa kwa muda mfupi, kisha akaachiliwa.

Mwaka 1961 alishinda marathoni za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikimbia Boston, Marekani, akawa wa tano. Hiyo ndiyo marathoni ya kimataifa pekee aliyoimaliza bila kushinda.

Tokyo 1964

Mwezi Septemba 1964, wiki chache kabla ya Olimpiki, Bikila alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi waliona hataweza kushiriki. Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba alijipanga pamoja na wenzake mjini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu.

Aliongoza peke yake nusu ya pili ya mbio na kumaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2, akiweka tena muda bora wa dunia. Basil Heatley wa Uingereza, aliyekuwa wa pili, alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Wakati wenzake wakiingia wamechoka, Bikila alikuwa kwenye nyasi za uwanja akinyoosha viungo. Wapiga muziki hawakuufahamu wimbo wa taifa wa Ethiopia, hivyo walipiga ule wa Japani.

Mexico 1968 na wakimbiaji wa Mbulu na Hanang

Kufikia mwaka 1968 Bikila alikuwa na umri wa miaka 36 na alisumbuliwa na maumivu ya mguu. Tarehe 20 Oktoba alianza marathoni katika Jiji la Mexico, lakini baada ya kilomita 17 hivi alilazimika kujitoa. Mwenzake Mamo Wolde aliendelea na kushinda, hivyo dhahabu ya marathoni ikabaki Ethiopia kwa mara ya tatu mfululizo.

Katika mbio hizohizo alikuwemo John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Alianguka njiani na kuumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Alifika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde, giza likiwa limeingia na watazamaji wachache wakiwa wamebaki. Alikuwa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Wengine 18 walijitoa, Bikila akiwa mmoja wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, Akhwari alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Mwaka 1970 alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh.

Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 ziko katika Mkoa wa Manyara, ni nyanda za juu zenye baridi na vilima vingi, kama ilivyo Shewa alikokulia Bikila. Baada ya Akhwari alitokea Gidamis Shahanga wa Katesh, Hanang, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, mwaka 1978, na mbio za mita 10,000 mjini Brisbane, Australia, mwaka 1982.

Ajali na miaka ya mwisho

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Bikila alikuwa akiendesha gari lake aina ya Volkswagen, zawadi aliyopewa kwa ushindi wake, lilipopinduka barabarani. Uti wa mgongo uliumia. Alipelekwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alikotibiwa kwa miezi minane. Mikono yake ilipata nguvu tena, lakini hakutembea tena maisha yake yote.

Hakuacha michezo. Mwaka 1970 alishiriki kulenga shabaha kwa upinde na mpira wa meza katika michezo ya watu wenye ulemavu Uingereza, na mwaka 1971 alishinda mbio za sleji katika theluji nchini Norwei. Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich, na umati ulisimama kumshangilia akiwa katika kiti cha magurudumu.

Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu katika ubongo, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya watu walihudhuria mazishi yake, na Kaisari alitangaza siku ya maombolezo ya kitaifa.

Kumbukumbu

Uwanja mmoja wa michezo mjini Addis Ababa una jina lake. Mwaka 2005 Italia iliurudisha Mnara wa Aksum, na mwaka 2008 ulisimamishwa tena mahali pake pa asili. Mwaka 2010 marathoni ya Roma ilifanywa kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya ushindi wake. Mshindi, Siraj Gena wa Ethiopia, alivua viatu karibu na mwisho na kumaliza mbio akiwa peku.