Daktari John Kirk na Kombe ya Mishale

Huku Kikambala, homa inapompata mtu, magome ya mwarobaini hutiwa chunguni yakachemshwa. Magome hayo yamefika mbali: mapema katika miaka ya 1980 watafiti wa Kijapani walitenga ndani yake sukari za minyororo mirefu, wakazichunguza kama zingeweza kuzuia uvimbe wa saratani. Safari kama hiyo, kutoka chungu cha wenyeji hadi maabara, ina mfano wa kale katika maisha ya John Kirk, ambaye wengi wetu tunamjua kwa jambo jingine.

Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone hadi mto Zambezi akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Pande za mto Shire aliwakuta Wamang'anja wakipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe, itokanayo na mbegu za mmea utambaao. Alichukua mbegu hizo, na mswaki wake ukagusana nazo. Alipoutumia, alihisi uchungu kinywani; kisha akagundua kuwa mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh alizifanyia utafiti mbegu hizo, ikapatikana dawa ya moyo iitwayo strofanthini.

Msomaji wa Kiswahili hapana budi atashangaa kidogo. Kwetu kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa maji na kunywewa na mgonjwa. Sidai kuwa maneno haya mawili yana nasaba, ila sadfa yake yapendeza.

Tangu 1866 Kirk alikaa Unguja kwa takriban miaka 20, akapanda hadi ubalozi mkuu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hilo ndilo lisimuliwalo na vitabu vya shule. Alifariki Uingereza mwaka 1922.

Jina lake limo katika mimea kadhaa, ukiwamo mpira wa porini, Landolphia kirkii. Wamang'anja walioijua sumu ile kabla yake hawakutajwa mmoja mmoja. Kilichosalia ni neno lao ndani ya jina la kisayansi, Strophanthus kombe. Wagiriama nao walichemsha msunguti kwa mishale yao, lakini kemikali ya mti huo, wabaini, ilipewa jina lenye asili ya Kisomali.