Robert Koch na Homa ya Ng'ombe wa Mwambao

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 mjini Clausthal, Ujerumani. Mwaka 1876, akiwa daktari wa wilaya, alithibitisha bakteria anayesababisha kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na binadamu. Mwaka 1882 alitangaza kumgundua bakteria wa kifua kikuu.

Mwaka 1897 aliwasili Dar es Salaam kuchunguza maradhi ya mifugo. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea vidogo mno, akavidhania kuwa hatua changa ya vimelea vya homa ya kupe iliyojulikana Marekani. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Ng'ombe walipoangamia Kusini mwa Afrika, aliitwa Rhodesia mwaka 1903, akabaini kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa pekee, uleule aliouona Dar es Salaam, akauita homa ya Pwani ya Afrika. Ndio ndigana kali ya leo. Kinga aliyoipendekeza haikufaulu. Uogeshaji wa mifugo dhidi ya kupe ndio uliokuja kuwa ngao ya wafugaji.

Mwaka 1905 alirejea Afrika Mashariki, akaonesha kuwa papasi hueneza homa ya vipindi kwa binadamu na hurithisha vimelea vyake kupitia mayai. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Alifariki dunia Mei 27, 1910.

Kwa wafugaji wa Mwambao, kuanzia Dar es Salaam hadi Utende kisiwani Mafia, funzo ni moja: homa za mifugo hufanana, hivyo mnyama apimwe kabla ya kutibiwa, na kupe wadhibitiwe mapema.