Maisha ya Askofu Edward Steere, Mchaguzi wa Hadithi

Mnajua kwamba chama chetu cha wasomaji husoma hadithi fupi moja kila mwezi, na kwamba kazi ngumu si kusoma bali kuchagua. Muhula huu zamu ya kuchagua iliniangukia mimi. Wenzetu wa Arua mjini walitaka hadithi zilizoandikwa vitabuni. Wenzetu wa Koboko walitaka ngano za wazee. Nilipokuwa nikitafuta njia ya kuwaridhisha wote, nikakuta habari za mtu aliyefanya kazi hiyo hiyo huko Unguja, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Basi nimeona vema niwaandikie maisha yake.

Edward Steere alizaliwa London mwaka wa 1828. Alisoma sheria akafaulu hata akapata udaktari wa sheria, lakini kazi ya mahakama haikumkaa moyoni. Akaiacha, akawa kasisi katika Kanisa la Uingereza, akakaa shamba upande wa Lincolnshire. Jirani yake mmoja alikuwa kasisi William Tozer, na watu hawa wawili walipendana sana. Mwaka wa 1863 Tozer alifanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu iliyopelekwa Afrika ya Kati, na Steere akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ukawa maisha yake yote.

Kwanza walikwenda upande wa mto Shire, wakakuta nchi imeharibiwa na vita, njaa na biashara ya watumwa. Basi mwaka wa 1864 wakahamia Unguja. Huko Sultani Majid akawapa watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza.

Lugha ilikuwa shida kubwa. Dakta Krapf alikwisha kuandika juu ya Kiswahili cha Mombasa, lakini maneno ya Unguja yalikuwa mbali kidogo na yale. Steere hakungoja kitabu kimjie. Alikaa na wenyeji, akauliza, akasikiliza, akaandika, kesho yake akarudi kuuliza tena. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na watoto wakafundishwa kupanga herufi. Fikirini jambo hilo: mtoto aliyekuwa bidhaa sokoni sasa anashika herufi za risasi, anaunga neno kwa neno, na kitabu kinatoka mikononi mwake.

Sasa nafika penye kazi ya kuchagua. Huko Uingereza palikuwa na kitabu cha Charles Lamb na dada yake Mary, kilichotolewa mwaka wa 1807, ambacho kimefupisha michezo 20 ya Shakespeare kuwa hadithi. Steere hakuzifasiri zote. Alichukua nne tu, akazipiga chapa Unguja mwaka wa 1867 kwa jina la Hadithi za Kiingereza. Moja ni ya mfanyabiashara wa Venice aliyeweka nyama ya mwili wake rehani kwa deni. Ya pili ni ya mfalme Lear, mzee aliyewagawia binti zake mali akabaki hana pa kulala. Ya tatu ni ya Timon, tajiri aliyelisha wageni hata akafilisika, na wageni wakamkimbia. Ya nne ni ya mke mkali na mume aliyemshinda. Mimi naona zinafaa sana mji ule wa bandari. Nani Unguja asiyejua deni, rehani, urithi na wageni wa mezani? Na nani hapa Arua asiyejua? Hadithi iliyochaguliwa vizuri haiulizi msomaji ametoka nchi gani.

Lakini Steere hakutaka kuleta tu. Alitaka na kupokea. Mwaka wa 1870, alipokuwa amerudi Uingereza, alitoa London kitabu cha hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Mle yumo kima aliyemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Yumo Liongo, shujaa wa pwani. Yumo pia mwalimu Goso, aliyekuwa akifundisha chini ya mbuyu, buyu likamwangukia kichwani akafa, na wanafunzi wake wakatoka kumtafuta mwuaji, wakianza na upepo wa kusi. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu chake cha kufundisha Kiswahili.

Mwaka wa 1872 alirudi Unguja, na mwaka wa 1874 akafanywa askofu. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa 1873, na mahali pale pale, Mkunazini, Steere akajenga kanisa kuu, akisimamia mwenyewe hata paa lake la matumbawe na saruji. Alitembea kwa miguu bara, na mwaka wa 1876 akaanzisha kijiji cha watu waliopata uhuru huko Masasi. Usiku na mchana alifasiri Agano Jipya. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa katika kanisa lile alilolijenga. Mwaka wa 1930, ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, ni Kiunguja kilichofanywa msingi.

Nilipowasomea wenzangu habari hizi, mmoja akauliza swali lililotunyamazisha. Juu ya jalada la hadithi zile jina ni la Steere. Wasimuliaji wametajwa hapo kwa jumla tu, kuwa ni wenyeji wa Unguja. Je, hadithi ni ya nani, ya aliyeisimulia au ya aliyeiandika? Tulibishana hata kengele ikalia. Mimi nasema hivi: bila kalamu ya Steere huenda nyingi zingepotea, na bila vinywa vya wale wenyeji kalamu yake ingekuwa kavu. Deni ni la pande mbili, ila upande mmoja haujalipwa sawasawa.

Kwa hiyo nimechagua hivi. Mwezi huu tutasoma habari za kima na papa, ambazo zilitoka India zikapita kwa Waarabu kabla ya kufika pwani yetu, na Kiswahili chake kinaeleweka hata sokoni Ariwara. Mwezi ujao kila mmoja, Mlugbara au Mkakwa au Mnubi, ataleta hadithi moja aliyoisikia nyumbani, imeandikwa kwa Kiswahili, na juu yake jina la aliyemsimulia, na kijiji chake. Bibi yangu amekwisha kunipa yake. Aliponiona nimeshika kalamu alicheka, kisha akaanza upya, polepole, nipate kuandika.