Shaaban Robert: malenga wa Tanga aliyeandika vita vya dunia kwa Kiswahili

Watoto wetu wanaosoma hapa Minneapolis na Saint Paul hufundishwa shuleni habari za vita vikuu viwili vya dunia. Wengine husomeshwa pia washairi wa Kiingereza walioipenda nchi yao wakati wa vita, kama Rupert Brooke, aliyefariki kwa ugonjwa Aprili 1915, akiwa na miaka 27, kabla ya kufika Gallipoli. Ni wachache wanaoambiwa kwamba Kiswahili nacho kina mshairi wake wa vita, tena mwenye kazi ndefu kuliko wengi wao. Huyo ni marehemu Sheikh Shaaban Robert.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka miwili tu kabla. Novemba 1914, alipokuwa mtoto wa miaka mitano, jeshi la Waingereza lilishuka Tanga na kurudishwa baharini na Wajerumani na askari wao Waafrika. Kwa hiyo vita kwake havikuwa hadithi ya mbali.

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi 1944. Baadaye alihamia idara ya wanyamapori, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni mwenye mshahara mdogo na familia ya kulea. Alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi ambalo limesomwa na vizazi vingi mashuleni. Watoto wake nao aliwatungia Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili.

Vilipozuka Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mwaka 1939, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini kabla ya vita kwisha. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942 na Burma kuanzia 1944. Shaaban Robert hakuwa askari. Silaha yake ilikuwa kalamu, na kwa kalamu hiyo aliviandika vita hivyo katika utenzi wa takriban beti 3,000. Aliuita Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Katika jambo hilo alifuata njia ya wazee. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ulisimulia vita. Hemedi bin Abdallah, wa Tanga hiyohiyo, alisimulia katika utenzi namna Wadachi walivyoiteka Mrima. Tofauti ni kwamba Hemedi aliandika juu ya vita vilivyopiganwa mlangoni kwake, lakini Shaaban Robert aliieneza bahari ya utenzi hadi Ulaya na Asia, akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba habari za dunia nzima.

Wapo wanaouliza hadi leo: ilikuwaje mtu aliyetawaliwa amuunge mkono mtawala wake? Swali hilo ni la haki. Rupert Brooke aliitukuza nchi yake mwenyewe. Shaaban Robert aliutakia ushindi upande wa dola iliyokuwa imemkalia kichwani. Lakini tukumbuke kwamba katika miaka ya 1930 Ujerumani ya Hitler ilikuwa ikidai irudishiwe makoloni yake, Tanganyika ikiwemo. Kwa Mtanganyika aliyejua habari za Maji Maji, kushindwa kwa Hitler lilikuwa jambo lake mwenyewe.

Tena tulitazame jina la utenzi. Agosti 1941 Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza walitangaza kwamba kila taifa lina haki ya kujichagulia serikali yake. Mwezi uliofuata Churchill akalieleza bunge lake kwamba maneno hayo yalihusu mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Hitler, si makoloni ya Uingereza. Shaaban Robert aliliandika neno uhuru bila kuliwekea mpaka huo. Kama vita vilikuwa vya uhuru, basi aliyevipigania naye alistahili kupata sehemu yake.

Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake cha Kusadikika. Humo tunasoma juu ya wajumbe sita waliotumwa na nchi yao pande zote, wakarudi na maarifa mapya, wakatiwa gerezani. Karama anasimama mahakamani kujitetea kwa kusimulia habari zao. Mwandishi hakuwataja askari, wala hatuna haja ya kumsemea. Hata hivyo, ni vigumu kukisoma kitabu hicho bila kuwakumbuka vijana waliotumwa Burma, wakaiona dunia, kisha wakarudi nyumbani kukuta kodi na amri zilezile.

Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE, na alipata pia tuzo ya Margaret Wrong. Lakini heshima kubwa zaidi aliipata tarehe 9 Desemba 1961, alipoiona Tanganyika ikiwa huru. Alifariki Tanga Juni 1962, akiwa na miaka 53, akiwa ameuonja uhuru kwa miezi sita tu. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake.

Wale waliopigana wameshatutoka karibu wote. Kila Mei, bendera ndogo zinapowekwa makaburini hapa Fort Snelling, watoto wetu huuliza kama babu zao nao walikuwamo katika vita vile. Walikuwamo, na utenzi wa vita hivyo upo kwa lugha yao. Kinachobaki ni sisi wazazi kuutafuta na kuusoma nao.

Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema. Amin.