Sayyidna Umar bin Khattab: Khalifa aliyelifanya daftari kuwa amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kuitazama sehemu moja ya maisha ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ambayo haitajwi sana mimbarini. Wengi wetu tunamjua kwa ushujaa, kwa uadilifu na kwa nguo yake yenye viraka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba yeye ndiye aliyeiwekea dola ya Kiislamu daftari, tarehe na utaratibu wa kutunza maandishi ya umma.

Tumelichagua jambo hili tukiwafikiria ndugu zetu wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi. Mtu anayetoka Mishamo, Karema au Mpimbwe akaja mjini kufuatilia shauri lake polisi hana silaha nyingine ila maandishi. Ana namba yake ya RB, na kama aliumizwa ana fomu yake ya PF3. Ikiwa kitabu cha matukio kiliandikwa sawasawa na jalada lipo mahali pake, haki yake ingali hai. Jalada likipotea, aliyedhulumiwa hurudi kwake mikono mitupu, na aliyeshukiwa bila kosa hukosa cha kumsafisha. Hatumsemi mtu wala kituo chochote; tunalisema jambo lenyewe, ili tuone mwenzetu huyu mkubwa alilibebaje.

Sayyidna Umar alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adiy wa Maquraishi, yapata mwaka 584. Katika zama ambazo waliojua kalamu walihesabika, yeye alikuwa miongoni mwa wachache wa Makka waliojua kusoma na kuandika. Alisilimu mwaka wa sita tangu Mtume (S.A.W.) apewe utume, akahamia Madina, na akawa mshauri wa karibu wa Mtume na kisha wa Khalifa Abu Bakr (R.A.).

Jambo la kwanza linaloonyesha jicho lake katika kumbukumbu lilitokea baada ya vita vya Yamama, ambako waliuawa wengi waliohifadhi Qur'ani vifuani. Sayyidna Umar aliona hatari ya kuitegemea mioyo ya watu peke yake, kwa kuwa mtu hufa na alichokihifadhi huenda naye. Akamshauri Abu Bakr Qur'ani ikusanywe katika maandishi. Abu Bakr alisita mwanzoni, kisha akaridhika, na kazi akapewa Zayd bin Thabit (R.A.), ambaye alikuwa mwandishi wa wahyi.

Tuzingatie safari ya kurasa zile. Zilikaa kwa Abu Bakr mpaka alipofariki mwaka 634, zikahamia kwa Umar, na baada yake zikawa kwa binti yake, Bibi Hafsa (R.A.). Sayyidna Uthman (R.A.) alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka mijini, aliziazima kwake, na zilipokwisha kunakiliwa akamrudishia. Aliyekuwa Khalifa wa Waislamu wote aliazima na akarudisha. Hapa pana funzo kwa kila ofisi: maandishi ya umma yana mlinzi anayejulikana, hutolewa kwa anayejulikana, na hurejea mahali pake. Askari anayehamishwa kutoka Mpanda kwenda mkoa mwingine hawi mwenye jalada. Alikuwa mshika amana, na hana budi kulikabidhi kwa saini kwa anayempokea.

Umar alishika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria. Dola ilipanuka haraka, barua zikawa nyingi, na kasoro moja ikajitokeza. Imepokewa kuwa aliletewa hati ya deni iliyoandikwa kwamba malipo yake ni mwezi wa Shaabani. Akauliza ni Shaabani ipi: iliyopita, iliyopo au ijayo? Hati haikuwa na jibu. Aidha gavana wake Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alimlalamikia kwamba barua za Khalifa zinamfikia bila tarehe, hata asijue ipi imetangulia. Umar akawakusanya Maswahaba akawashauri, na kwa rai ya Sayyidna Ali (R.A.) wakakubaliana kuhesabu miaka tangu kuhama kwa Mtume (S.A.W.) kwenda Madina. Hayo yalikuwa mwaka wa 16 au wa 17 Hijria. Kalenda tunayofungia Ramadhani na kuhijia ilizaliwa mezani pa mtunza kumbukumbu.

Mtu asiione tarehe kuwa jambo dogo. Sheria ya nchi yetu inaweka kipimo cha saa 24 kwa aliyekamatwa bila hati kufikishwa mahakamani au kudhaminiwa, isipokuwa katika makosa ambayo adhabu yake ni kifo. Saa hizo huhesabiwa kuanzia wapi, kama kitabu cha mahabusu hakikuandikwa saa aliyokamatwa? Tarakimu moja iliyoachwa wazi inaweza kuwa usiku mzima, au wiki nzima, ya uhuru wa mja wa Mwenyezi Mungu.

Kisha likaja daftari lenyewe, yaani Diwani. Abu Huraira (R.A.) alirejea kutoka Bahrain na dirhamu 500,000, mali ambayo Madina haikuwa imeizoea. Umar akatafuta ushauri namna ya kuigawa, akaelezwa kwamba wafalme wa nchi nyingine huweka madaftari. Hakuona haya kuchukua utaratibu wenye manufaa kutoka kwa wengine. Akawateua Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubair bin Mut'im, waliokuwa mabingwa wa nasaba, waandike majina ya watu na haki zao. Wao walimwandika Khalifa na ukoo wake karibu na mwanzo kwa kuutazama uongozi wake. Akakataa, akaagiza waanze na walio karibu zaidi na Mtume (S.A.W.), na Bani Adiy wawekwe pale nasaba yao inapowaweka. Hata mwanawe Abdullah aliandikiwa kiasi kidogo kuliko Usama bin Zayd. Daftari halikumjua mtoto wa mkubwa.

Sayyidna Umar alikuwa pia mlinzi wa usiku. Alizunguka mitaa ya Madina watu wakiwa wamelala, kazi ambayo leo tunaiita doria. Usiku mmoja, akiwa na Abdurrahman bin Awf (R.A.), alikuwa akiulinda msafara wa wafanyabiashara akasikia mtoto analia bila kunyamaza. Alimwendea mama yake mara kwa mara, na mwishowe mama, asiyejua anasema na nani, akamweleza kuwa anamwachisha ziwa kabla ya wakati kwa sababu Umar huwaandikia fungu watoto walioachishwa tu. Imepokewa kwamba alfajiri ile watu hawakuisikia vyema kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu alitangaza kuwa kila mtoto wa Kiislamu ataandikwa tangu anapozaliwa, na akawaandikia magavana wa miji yote hivyo hivyo.

Hiki ndicho kisa tunachotaka kibaki moyoni. Umar aliona kwamba sharti moja katika daftari lilikuwa limemfanya mama ampokonye mwanawe maziwa. Hakumlaumu mama, alilirekebisha daftari, na akajiona yeye ndiye wa kuulizwa.

Watu wa Katavi wanaifahamu thamani ya jina lililoandikwa. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na kwa miaka mingi hali yao ilisimama juu ya orodha zilizo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ile ile inayosimamia Polisi, Magereza na Uhamiaji. Baada ya kuandikishwa kuanzia mwaka 2007, watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora walikubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Katika zoezi kama hilo, jina lililorukwa ni mtu aliyerukwa.

Tena Mpanda ina mtihani wake. Hadi mwaka 1974 ilihesabiwa katika Mkoa wa Tabora, ikaingia Rukwa, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Mzee mmoja anaweza kuwa ameishi katika mikoa mitatu bila kuhama kitongoji chake. Mipaka ya utawala inapohama, majalada nayo hayana budi kuhama kwa orodha, ili haki ya mzee huyo isibaki njiani kati ya Tabora, Sumbawanga na Mpanda.

Turejee kwa Umar. Alipomteua gavana, aliandika mali zake kwanza, na zilipozidi bila maelezo alimtoza. Kuchunguza malalamiko alimtuma Muhammad bin Maslama (R.A.). Wakati wake ilinunuliwa Makka nyumba ya Safwan bin Umayya kwa dirhamu 4,000 ikafanywa gereza. Hata hivyo nguvu hiyo yote aliiwekea mpaka. Imesimuliwa kwamba katika doria alisikia sauti za ulevi, akapanda ukuta akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamkumbusha kuwa yeye amekosa moja, na Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar alikubali, akamwacha.

Basi si kila kinachojulikana kinastahili kuchukuliwa, wala kila kilichochukuliwa kinastahili kutangazwa. Siri ya mlalamikaji iliyomo ndani ya jalada si mazungumzo ya kijiweni. Nchi yetu nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kabla yake, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa ofisa mmoja. Zina muda wake wa kutunzwa, na zenye thamani ya kudumu hupelekwa Nyaraka za Taifa baada ya miaka 30. Anayechoma makaratasi ili kupata nafasi kabatini, au mchwa akawaachia kwa uzembe, huenda amechoma ushahidi wa yatima.

Mwezi wa Dhulhija mwaka wa 23 Hijria, sawa na Novemba 644, Sayyidna Umar alichomwa kisu akiswalisha Alfajiri, na Abu Lu'lu'a, mtumwa wa Mughira bin Shu'ba. Akiwa katika maumivu yale, miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia ni hesabu ya madeni yake. Alimwamuru Abdullah aitazame, ikapatikana yapata 86,000, akaeleza yalipwe kutoka mali ya jamaa zake, na isipotosha waombwe Bani Adiy, kisha Maquraishi. Halafu akaomba idhini ya Bibi Aisha (R.A.) azikwe kando ya wenzake wawili, na akapewa.

Aliyewaandikia watu haki zao kwa miaka kumi aliondoka duniani akiwa amelifungua daftari lake mwenyewe mbele ya watu. Ndugu yetu unayekaa nyuma ya meza ya kituo, Mpanda Mjini au kijijini, unapoandika jina, saa na kielelezo kilichopokelewa, jua kuwa unaandika amana ya mtu. Na sisi tunaokwenda kutoa taarifa tuseme kweli, tutunze namba zetu, wala tusimwombe mwandishi abadilishe tarehe kwa ajili yetu. Sote tunaandikwa na waandishi wasiosahau, katika kitabu kisichopoteza ukurasa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watunza amana. Wabillahi tawfiq.