Sol Plaatje na Irabu za Kitswana
Sol Plaatje wa Afrika Kusini wengi tunamjua kwa siasa tu. Mimi namheshimu zaidi kwa irabu. Lugha yake, Kitswana, ina irabu saba (sisi tano tu), ila wamisionari waliiandika kwa herufi tano. Plaatje, mzaliwa wa 1876, akaona vijana watapoteza matamshi ya wazee wao. Alikuja London 1914 kupinga sheria iliyowanyima Waafrika ardhi. Pesa hana, madeni kibao! Hata hivyo 1916 yeye na Daniel Jones, mwalimu wa fonetiki, walitoa kitabu cha kusomea Kitswana, kila irabu na alama yake. Mwaka 1923 akarekodi santuri humo humo London, akaimba Nkosi Sikelel' iAfrika. Alifariki 1932. Santuri ile bado inasikika, irabu zikivutwa kwa sauti yake mwenyewe.